Miguu Haina Kosa: Tuelewe Kupooza Sehemu ya Chini ya Mwili

Ndugu mwanachuo, ukisikia mtu "amepooza", unapata picha gani kichwani? Kwa wengi wetu picha ni moja tu: miguu. Miguu imekufa, miguu imekauka, miguu imeishiwa nguvu. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa wakifika wodini, mikono yao huenda moja kwa moja kwenye miguu. Wanaichua, wanaipaka mafuta, wanaivuta, kisha wanauliza lini itapata nguvu. Na sisi tunaojiita wasomi hatupo mbali nao. Tukimwona mwenzetu kwenye kitimwendo, tunadhani shida yake yote ni kutembea.

Makala hii inataka tutoke na jambo moja: katika kupooza kwa namna hii, miguu kwa kawaida haina kosa. Kilichoharibika kipo mgongoni, na kinachomtishia mtu maisha wala siyo kutotembea. Ukilishika hilo vizuri, utajua namna ya kumbeba majeruhi wa bodaboda, utajua kwa nini mguu unaweza kurusha teke na bado usiwe umepona, na utajua kwa nini mlango mwembamba wa choo ni suala la afya, siyo la starehe.

Pingili ni nyumba, ugwe ni mwenye nyumba

Kwa Kiswahili cha kila siku tukisema "uti wa mgongo" tunachanganya vitu viwili. Cha kwanza ni mifupa, zile pingili zilizopangana kutoka shingoni hadi mkiani: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana za nyonga na kifandugu. Cha pili ni kile kinachopita katikati ya pingili hizo, laini, chenye unene wa karibu kidole kidogo cha mkono. Wataalamu wa lugha wanakiita ugwe wa mgongo, yaani kamba. Kwa mtu mzima ugwe una urefu wa sentimeta 45 hivi, na unaishia kiunoni, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo zinaendelea neva tu, zimening'inia kama mkia wa farasi.

Ugwe huu ni barabara ya njia mbili. Amri zinashuka kutoka kwenye ubongo: kunja goti, simama, zuia mkojo, lekcha haijaisha. Taarifa zinapanda kutoka mwilini: kiatu kinabana, maji ni ya moto, kibofu kimejaa. Barabara ikikatika katikati, miji ya pande zote mbili inabaki imesimama vilevile. Ubongo mzima, miguu mizima, ila hawasikilizani tena. Mgonjwa anaamuru, mguu haupati amri. Mguu unaungua, mgonjwa hapati taarifa.

Hapa ndipo tofauti na kiharusi inapoonekana. Kiharusi kinapiga ubongoni, na mara nyingi kinachukua upande mmoja: mkono wa kulia na mguu wa kulia, pengine na mdomo ukaenda upande. Ugwe ukiumia, mstari unachorwa kwa upana: juu ya mstari mtu yupo kama kawaida, chini ya mstari miguu yote miwili imeguswa.

Mstari huo upo wapi? Inategemea ugwe umeumia usawa upi. Ukiumia shingoni, mikono nayo inaingia kwenye hesabu, na ukiumia juu kabisa ya shingo hata kupumua kunakuwa kwa mashine. Ukiumia kifuani au kiunoni, mikono inabaki salama, na hii ndiyo hali tunayoizungumzia leo. Neva ya nne ya kifua inahudumia ngozi ya usawa wa chuchu, ya kumi inahudumia usawa wa kitovu. Kwa hiyo daktari anayempapasa mgonjwa tumboni kwa pamba na pini huku akiuliza "hapa unasikia? na hapa?" hapotezi muda. Anatafuta mstari.

Chanzo siyo ajali peke yake

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilikadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 250,000 na 500,000 duniani wanaumia ugwe wa mgongo. Wengi ni kwa ajali za barabarani, kuanguka na vurugu. Kwetu kuanguka huko si lazima kuwe kutoka ghorofani. Ni mnazi, ni mwembe, ni gunia la mahindi lililomwangukia kuli mgongoni, ni kijana aliyeruka kichwakichwa kwenye maji asiyoyajua kina.

Lakini kuna waliopooza bila kugongwa na chochote, na hawa nataka tukae nao kidogo, kwa sababu wengi wao walikuwa na muda wa kuokolewa.

Wa kwanza ni wa kifua kikuu. Ndiyo, TB. Bakteria wale wale wa mapafu wanaweza kukaa kwenye pingili, wakazila taratibu mpaka zikaporomoka na kuukandamiza ugwe. Mtu anaumwa mgongo miezi, anakunywa dawa za maumivu, anatoka jasho usiku, anapungua mwili, kisha siku moja anaona miguu inakuwa mizito na mgongo unaota kibyongo. Dawa za TB zinatolewa bure kwenye vituo vyetu vya serikali, na akiwahi, wengi wanarudi kutembea. Kwa hiyo msomi mwenzangu, maumivu ya mgongo yanayokesha na wewe wiki baada ya wiki, yakiambatana na homa, kukonda au miguu kufa ganzi, usiyatibie kwa kubadilisha godoro la hosteli. Nenda ukapimwe.

Wa pili ni wa mhogo. Ugonjwa unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa kusini magharibi mwa Kongo, na kwao neno hilo linabeba maana ya miguu iliyofungwa. Mhogo mchungu una sumu ya jamii ya sianidi, ambayo bibi zetu waliijua na kuitoa kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika vizuri. Ukame ukija, mambo mawili yanatokea pamoja: mhogo unaongeza sumu, na watu wenye njaa wanafupisha maandalizi. Mlo ukiwa ni mhogo mtupu bila maharage, samaki wala nyama, mwili unakosa kile unachohitaji kuivunja sumu hiyo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Mwaka 1985, kipindi cha ukame, ugonjwa huu ulizuka wilayani Tarime, na watafiti wakauandika. Konzo haiongezeki baada ya siku za kwanza, lakini pia haina tiba. Kinga yake ipo kwenye karai la kulowekea.

Wa tatu ni mtoto wa mgongo wazi, ambaye pingili na ugwe wake havikufunga sawasawa tumboni mwa mama. Kazi hiyo ya kufunga inakamilika ndani ya wiki nne hivi za mwanzo wa mimba, muda ambao mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Vidonge vya asidi ya foliki vinapunguza hatari hiyo, ila vinatakiwa vianze kabla ya mimba. Dada zetu mnaopanga kuolewa baada ya mahafali, hili ni somo lenu la leo.

Orodha inaendelea: uvimbe, kichocho kinachofika kwenye ugwe, virusi. Somo ni kwamba neno "amepooza" siyo jina la ugonjwa. Ni dalili inayodai swali: kwa nini? Familia ikiruka swali hilo ikaenda kutafuta nani kamroga, siku zinazopita pengine ndizo ambazo ugwe ungeweza kuokolewa.

Saa ya kwanza: usimkunje

Turudi barabarani. Bodaboda imegongwa, abiria yupo chini, watu wamejaa. Sisi Waswahili hatuna roho mbaya, tatizo ni haraka. Mmoja anashika makwapa, mwingine anashika miguu, "moja, mbili, tatu!", majeruhi anakunjika katikati kama shuka, anawekwa kwenye bajaji ameketi, kichwa kinaning'inia. Kama pingili ilikuwa imevunjika lakini ugwe bado mzima, safari hiyo inaweza kuukata. Mtu aliyeanguka akiwa anachezesha vidole vya miguu anafika hospitali hachezeshi.

Hivyo basi, shika haya:

1. Kama hapumui, au kuna moto au maji, uhai kwanza. Mtoe. Kama hakuna hatari hiyo, usimsogeze kwa haraka ya kumwondoa tu barabarani, zuieni magari.
2. Muulize: shingo inauma? mgongo unauma? unasikia nikikugusa mguu? hebu chezesha vidole. Akisema miguu haisikii, au hajitambui kabisa, mchukulie kama aliyeumia mgongo.
3. Usimketishe "apumzike". Usimpe mto. Mtu mmoja akae kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kiwe sambamba na mwili, na asikiachie.
4. Ikibidi kumhamisha, wawe watu wanne au zaidi. Mumgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda kwa wakati mmoja, kisha ubao uingizwe chini yake. Mlango uliong'olewa unafaa. Chaga za kitanda zilizoungana zinafaa. Blanketi linalobonyea katikati halifai.
5. Apelekwe amelala. Gari lenye sehemu tambarare ya nyuma, linaloendeshwa polepole, ni bora mara kumi kuliko bodaboda ya mbio.

Hatua hizi hazihitaji digrii. Mjadala mmoja wa vimbwetani unatosha kuzifundisha kundi zima.

"Mguu umecheza!"

Siku au wiki za kwanza baada ya ugwe kuumia, miguu huwa imelegea kabisa. Kisha, kadiri mshtuko ule unavyoisha, jambo la ajabu linatokea: mguu unaruka. Unamfunika shuka, goti linajikunja. Unamgusa unyayo, mguu unarusha teke. Wodi nzima inashangilia, simu zinapigwa kijijini, na mganga aliyekuwa amelipwa nusu anadai nusu nyingine.

Kumbe ugwe, hata ule uliokatwa, una mizunguko yake midogo chini ya jeraha. Mguso unaingia, amri inatoka hapo hapo, bila ubongo kushirikishwa. Ni sawa na mkono unavyojirudisha kwenye sufuria ya moto kabla hujafikiri. Breki ya ubongo ikishaondoka, mizunguko hiyo inafanya fujo. Kucheza siyo kutii.

Swali la maana ni hili: akiamuriwa achezeshe kidole gumba cha mguu, anaweza? Akiguswa kwenye ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa, anasikia? Sehemu hiyo inahudumiwa na ncha ya mwisho kabisa ya ugwe, kwa hiyo hisia ikiwepo pale, maana yake kuna nyuzi zilizovuka jeraha salama. Jeraha hilo halijakamilika, na matumaini ya kurudisha nguvu ni makubwa zaidi, hasa katika mwaka wa kwanza. Hisia na amri zikikosekana zote, na zikaendelea kukosekana, uwezekano unakuwa mdogo sana, kwa sababu nyuzi za ugwe haziungi tena kama neva za mkononi zinavyoweza.

Je, sayansi imelala? Hapana. Mwaka 2018 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha wanaume watatu wenye majeraha ya ugwe ya muda mrefu wakipiga hatua kwa msaada wa umeme unaopelekwa kwenye ugwe kupitia kifaa kilichopandikizwa mgongoni, pamoja na mazoezi mengi. Ni kazi ya kutia moyo, ila bado ni ya maabara na gharama kubwa. Anayekuuzia chupa ya dawa Kariakoo kwa ahadi ya kuunga ugwe ndani ya mwezi anakuuzia maji.

Kinachoua siyo miguu

Hapa ndipo penye uzito wa makala. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, mtu aliyepooza kwa kuumia ugwe alihesabiwa marehemu anayesubiri tarehe. Wengi walikufa ndani ya miezi au miaka michache. Mwezi Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Ujerumani, alifungua wodi ya majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuunga ugwe hata mmoja. Alichofanya ni kuamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mkojo utolewe kwa usafi mkali, na watu wapewe kazi na michezo badala ya kulazwa wakitazama dari. Wagonjwa wakaanza kuishi. Tarehe 29 Julai 1948 akawashindanisha 16 kati yao kwa kulenga shabaha kwa mishale, na kutoka hapo ikaota michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Angalia alichopigana nacho. Cha kwanza ni ngozi. Wewe uliyekaa unasoma hapa umejigeuza mara kadhaa bila kujua, kwa sababu makalio yalituma taarifa kwamba yamebanwa. Mwenzako taarifa haimfikii. Akikaa kwenye kiti kigumu saa 3 za lekcha bila kujiinua, damu haipiti, nyama inakufa, na kidonda kinaanzia ndani kwenye mfupa kabla ya kuonekana nje. Kikiingia vijidudu vikafika kwenye damu, kinaua. Dawa yake ni mto mzuri, kujiinua kwa mikono kila dakika 15 hadi 30, na kioo cha kujikagulia jioni.

Cha pili ni kibofu. Kinajaa bila kubisha hodi, na kisipomwagwa mkojo unarudi nyuma kwenye figo. Zamani figo ndizo zilizowamaliza watu hawa kwa wingi. Njia inayotumika leo ni rahisi: mtu mwenyewe anaingiza mpira mwembamba ulio safi, anatoa mkojo, anauondoa mpira, kila baada ya saa 4 hadi 6. Inahitaji maji, sabuni, faragha, na choo ambacho kiti kinaingia.

Cha tatu kinawahusu walioumia usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake. Kibofu kikijaa, mpira ukikunjika, au hata kiatu kikibana, mwili unapandisha shinikizo la damu ghafla. Mtu analalamika kichwa kinapasuka, uso unaiva, jasho linamtoka juu ya mstari. Ukimwona mwenzako hivyo usimlaze. Mwache akae wima, mlegezee mkanda na nguo, angalieni mpira wa mkojo, na kama haitulii haraka, hospitali. Hiyo ni dharura ya kweli.

Na yale mnayoulizana kwa kunong'ona: ndiyo, wanapenda, wanaoa na wanaolewa. Mwanamke aliyepooza chini anaweza kushika mimba na kuzaa, ila anahitaji kliniki iliyo makini. Kwa mwanaume tendo na mbegu vinaweza kuhitaji msaada wa daktari, na msaada upo. Siyo jambo la kumuuliza mtu kwenye foleni ya kantini.

Sasa tupime chuo chetu

Ripoti ile ile ya 2013 inasema watu walioumia ugwe wana hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko wengine, na hali ni mbaya zaidi kwenye nchi za kipato cha chini. Ugwe wa masikini na wa tajiri ni mmoja. Tofauti ipo kwenye mto, mpira, mlango na ngazi.

Fikiria mwanafunzi mwenye kipindi saa 1 asubuhi ghorofa ya pili na kingine saa 5 jengo jingine. Choo kinachoingiza kiti kipo kimoja, mbali. Atafanya nini? Ataacha kunywa maji. Kwa mtazamo wetu amehudhuria vipindi vyote, hana tatizo. Kwa figo zake anakusanya maambukizi na mawe, na siku akikosa mtihani kwa kulazwa tutasema "afya yake ni dhaifu". Na wale tunaombeba juu juu na kiti chake kwenye ngazi, tunafanya wema, ila siku mmoja akiteleza tutampa jeraha jipya.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo hatuombi hisani. Nina pendekezo kwa serikali yetu ya wanafunzi, na halihitaji bajeti zaidi ya tepu ya fundi. Wizara ya afya na ile ya malazi zikae pamoja, zipite kila jengo la lekcha, maktaba, hosteli na zahanati. Mlango wa choo upimwe: chini ya sentimeta 80, uandikwe. Ngazi za kuingilia zipimwe kimo chake: njia ya mteremko inahitaji urefu mara 12 ya kimo, kwa hiyo ngazi 3 za sentimeta 15 zinahitaji mita 5 na sentimeta 40, siyo ule mlima wa zege wa mita moja unaowekwa ili mradi. Orodha ikishapatikana, iende kwa utawala ikiwa na namba, na nakala ibandikwe ubaoni.

Wakati majengo yanasubiri, ratiba haina haja ya kusubiri. Kuhamisha kipindi kimoja kutoka ghorofa ya pili kwenda chumba cha chini ni kazi ya mwakilishi wa darasa na mratibu wa ratiba kwa mchana mmoja. Mwulizeni kwanza mwenyewe ni vipindi gani vinamsumbua. Anavijua vyote kwa majina.